Mtu Huru Namba Moja

Nchi yangu siwezi kuitaja kwa jina. Msidhani naogopa. Jina lenyewe limepelekwa kukarabatiwa, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na neno "Huru", na mafundi hawajakubaliana waweke nini kwenye pengo lililobaki. Kwenye bahasha za serikali pana mstari mtupu. Sisi makarani tumeagizwa tukifika hapo tukohoe kidogo, kwa heshima, kisha tuendelee kusoma.

Elimu iliyotufikisha hapa ilitoka ng'ambo ya Atlantiki. Waziri wetu, Dakta Gervas Mtondoo, alikwenda huko kwenye mkutano wa siku nne akarudi na masanduku mawili ya vitabu. Alitueleza kwamba katika nchi hizo kubwa, wasomi wakubwa wamegundua kuwa uhuru umepitwa na wakati. Watu walipewa uhuru mwingi mno, wakachagua, wakachagua, mpaka wakaingiwa na huzuni. Hawaoi, hawazai, hawasali, na kila mtu anakula peke yake huku anatazama simu. Dawa, alisema, ni serikali yenye mkono mzito, inayojua wema ni nini na inayowagawia watu wema huo, watake wasitake. Sisi wa huku hatukuwa tumeuonja huo uhuru kiasi cha kuuchoka. Lakini tuliambiwa tuuchoke mapema, tusije tukachelewa kama tulivyochelewa kwenye reli.

Tukauchoka. Uwanja wa Uhuru ukawa Uwanja wa Utulivu. Barabara ya Uhuru ikawa Barabara ya Mahali Pako. Sikukuu ya Uhuru ikawa Sikukuu ya Kupokelewa, gwaride likabaki lile lile. Rais akaacha kuitwa Rais, maana rais huchaguliwa. Akaitwa Mlezi wa Taifa, na ikaamriwa kwamba jina lake litangulie jina lolote lingine katika waraka wowote wa serikali, hata kama ni orodha ya ng'ombe waliochanjwa. Mimi, Hemedi Nangomwa, karani wa wilaya ya Mkumbaru, sikupinga lolote. Mimi ni mtu wa kupiga mihuri. Kinachonikera maishani ni wino kukauka, basi.

* * *

Baada ya majina ikaja Sheria ya Nyumba. Ili isemwe kwamba tumeichukua kwenye chemchemi yenyewe, alialikwa Profesa Wendeli, mwandishi wa vile vitabu. Ni mzee mrefu, macho yake ya maji maji, na huzungumzia ndoa na familia kubwa kwa sauti ya kutetemeka. Mwenyewe ameachana na wake watatu na anaishi na mbwa, lakini hilo alilieleza vizuri: ni uhuru ndio uliomfanyia hivyo.

Sheria ilikuwa fupi na nzuri kusoma. Kila mtu atakuwa chini ya Mkuu wa Nyumba. Mkuu ndiye atakayepiga kura kwa niaba ya wote walio chini yake, na bila barua yake hakuna kufanya kazi, hakuna kusafiri, hakuna kulazwa hospitali. Asiye na nyumba ataitwa mtu huru, na mtu huru ataorodheshwa, achukuliwe na lori mpaka ghala la zamani la korosho kule Ngarambi, lililobadilishwa jina likawa Kituo cha Mapokezi. Hapo atakaa hadi apatikane wa kumpokea. Watu arobaini na mmoja walikuwa wamekwisha kupelekwa huko kwa majaribio, kuona kama milango inafungika. Ilifungika.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo Waziri aliionea fahari sana. Kwa kuwa sisi ni watu wa kujuana, na maofisa wangeweza kuruka ndugu zao, iliandikwa kwamba orodha ya watu huru itatekelezwa kwa mfuatano, bila kuruka jina hata moja, na jina litatoka orodhani kwa njia moja tu: mtu huyo apate nyumba, ama kwa kupokelewa na Mkuu wa Nyumba, ama kwa kuwa Mkuu mwenyewe.

Mkuu mwenyewe atajulikanaje? Hapo Profesa alisimama, akaweka mkono kifuani. Alisema msitunge kitu cha karatasi. Fuateni mila ya mahali, ile iliyokuwapo kabla ya serikali, na mwekeni mtawala naye chini ya mila hiyo. Basi ikaandikwa: Mkuu atajulikana kwa mila ya mahali mtu alipozaliwa, na mila hiyo haitarekebishwa na Bunge, wala Mahakama, wala Mlezi mwenyewe. Bunge lilipiga makofi dakika sita. Hakuna aliyeuliza mila zetu zikoje. Kwa nini waulize, wakati kitabu kilikuwa mezani?

Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana.

* * *

Bi. Tunu Likwata alifika dirishani kwangu Jumanne ya wiki hiyo, bado amevaa aproni ya zahanati. Ni mkunga wetu, mwaka wa ishirini na sita sasa. Nusu ya watu waliokuwa kwenye foleni ile aliwapokea yeye mikononi mwake. Mapacha wangu aliwazalisha siku daraja lilipokatika, wa pili akiwa ametanguliza miguu, na wote wawili leo wanapigana shuleni. Ni mjane. Hana mtoto, hana kaka.

"Baba Kulwa," alisema, "barua hizi zimeletwa zahanati. Nisomee, labda macho yangu yamechoka."

Ya kwanza ilisema amewekwa chini ya Bwana Mpelumbe, mdogo wa marehemu mume wake. Ya pili ilikuwa ya Bwana Mpelumbe mwenyewe: kwa mamlaka aliyopewa, anamwondoa kazini kuanzia Ijumaa, aende shambani kwake akabangue korosho.

"Umeona sawa, mama," nilimwambia.

"Mwezi huu nina wajawazito kumi na mmoja. Wanne ndiyo uzazi wa kwanza. Mmoja mtoto amekingama tumboni. Mpelumbe atakuja kumgeuza?"

"Ukimkataa unakuwa mtu huru. Ijumaa lori linakuchukua."

"Nani kasema Mpelumbe ni mkuu wangu?"

"Sheria, mama."

"Sheria inasema mila. Wewe na mimi ni watu wa hapa hapa. Toka lini mila yetu ikampa shemeji ukuu? Nyumba huku ni ya mama. Mkubwa wa tumbo la mama ndiye mkuu, awe mwanamume, awe mwanamke. Uongo?"

Haikuwa uongo. Hata mimi nilikuwa nimejiandika chini ya mjomba wangu, na mjomba chini ya marehemu bibi mpaka nilipokumbushwa kwamba amekufa. Niliifungua Sheria, nikapitisha kidole mstari kwa mstari, nikitafuta mahali pa kumkatalia. Sikupata.

"Niandike mkuu," alisema Bi. Tunu.

"Mkuu wa nani? Fomu inataka awepo angalau mtu mmoja chini yako. Mkuu asiye na mtu anahesabiwa mtu huru."

"Mama yangu alikuwa na mdogo wake mmoja, Asumini. Mama mdogo alizaa mtoto mmoja tu. Yu hai, ana afya njema. Mwandike chini yangu."

"Anaitwa nani?"

"Fadhili Chikopela."

Nilikuwa nimeshaandika "Fadhi" kalamu iliposimama yenyewe.

"Fadhili Chikopela yupi, mama?"

"Huyo aliyetundikwa nyuma yako."

Sikugeuka. Picha ya Mlezi wa Taifa naijua, huwa naifuta vumbi kila Jumatatu. Foleni ilirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, na mama mmoja akakumbuka kwamba ameacha chungu jikoni. Wazee wa Mkumbaru wote wanajua Asumini Likwata alikuwa mama wa nani. Ni jambo tu ambalo lilikuwa halijaandikwa.

Msinisifu kwa nilichofanya. Nilipiga hesabu ya karani. Kanuni ya kumi na mbili inasema karani atakayekataa kuandika kilichothibitishwa na mila atafungwa miaka saba. Atakayemvunjia heshima Mlezi naye atafungwa miaka saba. Milango yote miwili ilikuwa ya gereza, nikachagua ule wa upande aliosimama Bi. Tunu. Nikaandika, nikagonga muhuri.

* * *

Jumatano asubuhi Mlezi alikuwa anasafiri kwenda ng'ambo ya Atlantiki kuvikwa Nishani ya Nguzo, wanayopewa watawala waliorudisha watu mahali pao. Profesa ndiye angemvika, nao walikuwa wasafiri pamoja. Pale uwanja wa ndege, ofisa mmoja mgeni kazini aliingiza jina kwenye mashine kama alivyofundishwa, na mashine, iliyokwisha kulipokea daftari la Mkumbaru, ikajibu: haruhusiwi kusafiri bila barua ya Mkuu wake wa Nyumba, Tunu Likwata, mkunga, Zahanati ya Mkumbaru. Ofisa yule amepandishwa cheo. Siku hizi anasimamia kisiwa ambacho bado hakijaibuka kutoka majini.

Mchana wake magari kumi na moja yaliingia Mkumbaru. Waziri Mtondoo alishuka na Profesa, na nyuma yao askari wakaizunguka zahanati na bunduki zao, wakakanyaga nepi zilizoanikwa. Mimi niliitwa nije na daftari. Bi. Tunu alikuwa ndani na mzazi, akatuma neno kwamba wageni wakae benchi la wajawazito, wasubiri. Walisubiri saa nzima. Sijawahi kumwona waziri akimsikiliza mwanamke anayejifungua. Kila sauti ilipotoka ndani alikuwa akirekebisha tai.

Bi. Tunu alipotoka, anajifuta mikono, Waziri alisimama.

"Bi mkubwa," alianza, "katika zama hizi ambapo Taifa limerejea katika kifua cha wema wake wa asili, na kila kiungo kimetambua mwili wake, ninayo heshima ya kukuomba uweke dole gumba hapa."

"Najua kuandika."

"Vizuri zaidi. Andika hapa, basi."

"Fadhili yuko wapi?"

"Mlezi ana majukumu."

"Kwa mila, mdogo huomba ruhusa mwenyewe, kwa mdomo wake, amekaa kwenye jamvi. Aje. Kama ana haya, nitafunga dirisha. Na akija tutaanza na lile ghala la Ngarambi, maana kuna watu mle ndani na mmoja wao ana mimba ya miezi saba."

Profesa alikuwa akitafsiriwa neno kwa neno na Waziri. Alisimama, machozi yakamlengalenga. Alisema amengoja jambo hili maisha yake yote: mtawala anayekaa chini mbele ya ukoo wake. Ameandika sura nzima juu yake bila kuwahi kuiona. Mlezi aje mara moja, akae kwenye jamvi. Na huyo mzee mkuu wa ukoo yuko wapi, aende kumpa mkono?

"Ndiye huyu," alisema Waziri.

Profesa aliitazama aproni. Kisha akatazama nyuma ya Bi. Tunu, kama kuna mwanamume amejificha. Alikaa tena, akazungumza na Waziri kwa muda mrefu na kwa huzuni.

"Profesa anasema hii siyo mila," Waziri akatafsiri. "Anasema ni mila iliyopotoka."

"Ilipotoka lini?" aliuliza Bi. Tunu.

"Anasema haimo kitabuni."

"Kitabu kimeandikwa lini?"

Waziri aliuliza, akajibiwa. "Miaka sita iliyopita."

Bi. Tunu alitikisa kichwa kwa upole, vile anavyowatikisia wazazi wanaosukuma kabla ya wakati, akarudi ndani kwa sababu aliitwa. Waziri alinigeukia mimi. Hakupandisha sauti.

"Karani, una watoto?"

"Wawili, mheshimiwa. Mapacha."

"Hongera," alisema.

Nimepewa hongera nyingi kwa ajili ya mapacha wale, lakini ile moja ndiyo iliyoninyima chakula.

* * *

Alhamisi saa saba mchana radio zote ziliambiwa zikae kimya, kisha zikasema kitu kimoja. Nilikuwa zahanati, nimekwenda kumsihi Bi. Tunu atie saini yaishe. Tulisikiliza pamoja kwenye kiredio chake cha dirishani.

Tangazo lilisema kwamba, baada ya uchunguzi wa kina, imebainika kuwa Mlezi wa Taifa hana ukoo. Hakutoka katika nyumba yoyote. Amezaliwa na Taifa lenyewe, moja kwa moja. Yule mwanamke aliyekuwa akitajwa kuwa mama yake alikuwa jirani tu mwenye mapenzi mema. Kuanzia sasa ni kosa la miaka saba kwa mtu yeyote, pasipo kujali cheo chake, kumtaja mwanamke huyo kwa jina kuwa mama wa Mlezi. Kisha ukapigwa wimbo unaosifu familia.

Bi. Tunu aliizima radio. Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Alilala kitanda kile pale," alisema. "Wiki tatu. Kila gari likipita ananiuliza, Tunu, hilo gari la nani? Namwambia la mkaa, mama mdogo. La mchanga. Siku ya mwisho nilichoka, nikamwambia ndiyo, ni la Fadhili, anaegesha. Akafumba macho anatabasamu. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri."

Mimi si mtu wa hasira, lakini pale nilikasirika. Nchi nzima ilikuwa inaimbiwa habari za familia na mtu mmoja aliyeshindwa kuja kumzika mama yake, na sasa amemfuta.

Nilipofika nyumbani, mama Kulwa alikuwa mlangoni na simu mkononi. Mjomba wangu amepiga. Amesikia nimeandika nini, ameogopa, na kwa mamlaka ya Mkuu wa Nyumba amenitoa. Mke wangu na watoto wako salama, wana nyumba yao kwa mama mkwe. Mimi sina. Na makaburini, watu wa kikosi walikuwa wameshang'oa jiwe la Asumini, wakalipakia kwenye gari pamoja na msalaba wa jirani yake, ili wasibahatishe.

* * *

Ijumaa saa tatu lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi yangu, mkia wake umeelekezwa mlangoni. Afande Kilatu, mkuu wa kikosi cha Mapokezi, aliingia na kofia kwapani. Si mtu mbaya. Ana ugonjwa mmoja tu: karatasi akiisoma anaitii.

"Karani, orodha ya watu huru wa Mkumbaru."

"Naiandaa, afande."

Bi. Tunu alikuwa kwenye benchi, ana kifurushi chake cha nguo na mkasi wa kukatia kitovu. Alikuwa amemwachia maelekezo msichana wa kufagia zahanati, maana hapakuwa na mwingine. Yule mjamzito ambaye mtoto wake amekingama alikuwa amekaa karibu yake, amemshika mkono, hamwachii.

Ukurasa wa Bi. Tunu ulikuwa umebaki na mkuu bila mtu. Kwa hiyo ni mtu huru. Mimi nimetolewa na mjomba. Mtu huru. Niliandika hayo mawili kwenye karatasi ya rasimu, kisha nikaisoma Sheria mara ya mwisho, kwa mazoea tu, kuhakikisha sijamsahau mtu. Mtu huru ni yeyote asiye na nyumba. Gazeti la Serikali lilikuwa mezani pangu, limepigwa muhuri Alhamisi, linasema wazi kabisa kwamba kuna mwananchi mwingine mzaliwa wa Mkumbaru ambaye hana nyumba yoyote. Karani anayesahau jina hufungwa. Na jina hilo, kwa itifaki, hutangulia mengine yote katika waraka wowote wa serikali.

Nikachukua karatasi safi. Namba moja: Fadhili Chikopela, Mlezi wa Taifa. Namba mbili: Tunu Likwata. Namba tatu: Hemedi Nangomwa. Nakala mbili, mihuri miwili, na safari hii wino ulikolea vizuri.

Afande aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa.

"Huyu namba moja," alisema, "anapatikana wapi?"

"Ikulu, afande."

"Lori lina mafuta ya Ngarambi tu."

"Unaweza kuanza na sisi," nilisema, na kweli sikujua atajibu nini.

Alinitazama kama nimemtukana. "Kanuni inasema bila kuruka." Akatoka, akapiga simu ya upepo, nikamsikia kwa masikio yangu: "Tunaomba maelekezo. Mtu huru namba moja yuko Ikulu. Tumfuate, au ataletwa?"

Saa sita ilifika. Ikapita. Ujumbe ule ulipanda mkoani, ukapigwa muhuri, ukapanda makao makuu, ukapigwa muhuri, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa mtu aliyeuzuia. Kumkata Mlezi kwenye orodha ni kumfuta Mlezi, na hilo adhabu yake mnaijua. Kunishtaki mimi kungemlazimu mtu aandike kwenye hati ya mashtaka nilichokiandika. Saa nane, yule mjamzito alishika tumbo, Bi. Tunu akabeba kifurushi chake wakarudi zahanati kwa miguu, taratibu, wakilipita lori ubavuni. Afande aliwapisha. Zamu yao ilikuwa haijafika.

* * *

Jumatatu Afande alipekua kumbukumbu zake akakuta watu arobaini na mmoja wamechukuliwa kabla ya namba moja. Aliwarudisha wote kutoka Ngarambi, kila mmoja na barua ya kuombwa radhi kwa kukiuka mfuatano, nami nikawaandika kuanzia namba nne.

Hapo ndipo watu walipoanza kufahamu. Alikuja mwalimu aliyenyimwa barua ya kazi na baba yake mdogo. Walikuja wajane. Akaja kijana aliyeamriwa kuoa. Wakaja watu wa wilaya za mbali, wazaliwa wa Mkumbaru na wasio wazaliwa, wote wamezikana nyumba zao kwa maandishi, wanaomba kuandikwa watu huru nyuma ya namba moja, mahali pasipofikika. Hata Bwana Mpelumbe alikuja, baada ya dada yake mkubwa kumwamuru aache pombe. Ilipofika wiki ya tano orodha ilikuwa na majina elfu nne mia tatu na kumi na sita, na kuku walikuwa wanataga chini ya lori. Lakini askari walikuwa bado wapo, bunduki zimeangalia foleni, na sisi sote tulijua kwamba namba moja akiondoka kwenye mstari wake, injini inawashwa.

Alikuja Alhamisi alasiri. Gari moja, bila bendera. Walinzi wawili, na Waziri Mtondoo na jalada lake. Sikumtambua mpaka alipovua kofia, maana picha ya ukutani ni ya zamani na ina afya kumzidi. Aliangalia foleni inayozunguka jengo. Kisha akavuka kwenda zahanati, na Bi. Tunu, bila kuulizwa, akatandika jamvi barazani.

Alikaa. Foleni ile yote ilimwona amekaa chini.

"Dada," alisema. "Nipokee nyumbani."

Nilikuwa nimesimama pembeni na fomu. Nilijua maana yake. Akipokelewa, anatoka kwenye orodha, na Bi. Tunu anakuwa mkuu mwenye mtu, anatoka pia. Anayefuata ni mimi, na nyuma yangu watu elfu nne. Bi. Tunu alilijua hilo kunizidi. Lakini niliuona uso wake, na nitakuwa mwongo nikisema hakutaka kumpokea. Alikuwa amemngoja miaka kumi na moja, tangu Asumini afe.

"Ghala utalifunga?"

"Nitalifunga."

"Orodha je?"

"Nitaichoma mwenyewe. Nipokee kwanza."

"Nyumba ya nani unataka kuingia, Fadhili?"

"Nyumba yetu."

"Fomu ina nafasi ya jina la mama. Mtajie karani. Kwa mdomo wako, watu wasikie. Basi, sina jingine."

Mlezi alifungua mdomo. Foleni nzima iliacha kupumua. Nadhani hata wale wenye bunduki. Midomo ilikuwa imeshakaa sawa kwa ile herufi ya kwanza, niliiona. Kisha akamgeukia Waziri.

"Inaruhusiwa?"

Waziri alifungua jalada, akalamba kidole, akatafuta ukurasa. "Kwa tangazo lako la Alhamisi ile, Mheshimiwa, ni miaka saba. Pasipo kujali cheo."

"Na tukilirekebisha?"

"Itabidi liandikwe tangazo jipya. Na jina liwemo."

Mlezi alifunga mdomo. Aliangalia ukindu wa jamvi, akapitisha kidole pembeni, pale ambapo mtu wa zamani alishona kwa uzi mwekundu. Alinyanyuka, akajipangusa magoti.

"Alikuwa anaitwa Asumini," Bi. Tunu alisema, kwa sauti ya kawaida, mbele ya askari wote. "Nenda salama."

Hakuna aliyemkamata. Angekamatwa vipi, naye ni namba mbili? Alikung'uta jamvi, akalikunja, akaingia ndani, na nikamsikia akifungua bomba na kuliacha limwagike muda mrefu.

Gari liliondoka. Nilirudi dirishani, nikafungua kidau cha wino. Mmoja wa wale walinzi, yule mwenye miwani myeusi, hakuwa amepanda. Alikuwa amesimama mwisho wa foleni, anazungusha miwani mkononi, na watu wakampisha mpaka mbele, kwa woga wa mazoea.

"Jina la mama?" nilimuuliza.

Akalitaja. Akalirudia, herufi kwa herufi, ili nisikosee.